Shada la Shanga la Noeli, na Habari za Shanga Katika Ujiji

Katika Majilio ya mwaka jana wanawake wa kanisa letu hapa Bangwe walikutana kutunga shada la Noeli la shanga, nami nilikuwapo kuwasaidia kukunja waya. Shanga zilikuwa zimemwagwa katika ungo, nyekundu, nyeupe na za kijani. Bibi mmoja mzee, ambaye ukoo wake ni wa Wamanyema wa Ujiji, alizitazama kisha akarudisha mkono wake. Akasema, "Mwalimu, bibi yangu mzaa babu alinunuliwa kwa hizi." Wasichana wakanyamaza, maana wengi hawakufahamu neno hilo. Kwa hiyo naandika habari hizi, waalimu wenzangu wapate la kuwaambia watoto.

Shada la Majilio si desturi ya kale sana. Mchungaji Johann Hinrich Wichern alilianzisha mwaka wa 1839 katika nyumba yake ya kulelea watoto maskini huko Hamburg. Watoto walikuwa wakimsumbua wakiuliza Noeli itafika lini. Akatwaa gurudumu la gari, akalitia mishumaa midogo myekundu ya siku za kazi na mishumaa minne mikubwa meupe ya Jumapili. Majani mabichi yalikuja kuongezwa baadaye. Nchi ile ina baridi, na majani ya misonobari hukaa mabichi siku nyingi. Kwetu majani hukauka mapema, na mwali wa mshumaa ukiyagusa ni hatari. Ndiyo sababu wanawake wakachagua shanga, zisizonyauka, nazo huwekwa mpaka mwaka wa pili.

Kazi yenyewe si ngumu. Hukunjwa waya mgumu kuzunguka kitako cha sufuria, ncha zake zikafungwa, kisha ukazungushiwa kitambaa ili shanga zisiteleze. Shanga hutungwa katika uzi wa nailoni, ule ule wa wavuvi wetu, maana uzi wa pamba huoza. Kila utungo hupigwa fundo mwisho, ukavingirishwa kwenye duara kwa kubanana. Mishumaa husimamishwa katika sahani katikati, mbali na shanga, kwa kuwa shanga nyingi za siku hizi zinunuliwazo katika soko la Mwanga ni za plastiki, nazo huyeyuka.

Sasa nirudi kwenye neno la yule bibi. Bwana Burton na Bwana Speke walipofika Ujiji Februari 1858, baada ya kuondoka pwani Juni 1857, mizigo ya wapagazi wao ilikuwa nguo, shanga na nyaya za shaba, maana hapakuwa na fedha nyingine barani. Nyingi za shanga hizo zilitoka Venice, zikapitia Unguja. Zilihesabiwa kwa kete, yaani utungo uliopimwa toka kidole gumba hata kiwiko na kurudi; kete kumi zilifanya fundo moja. Leo kete twaisikia katika mchezo wa bao tu, na fundo limebaki la kamba; lakini wazee bado husema shada la ushanga kama wasemavyo shada la maua. Ndugu zetu Warundi huita ushanga isaro, na wingi wake amasaro.

Kila nchi ilikuwa na ushanga wake iliyoupenda, na aliyekosea alikufa njaa huku amebeba mali. Bwana Stanley, kabla ya kuja kumtafuta Daktari Livingstone mwaka wa 1871, alinunua aina 11 za shanga zikajaza magunia 22. Aliandika kwamba sungomaji zilithaminiwa Ujiji, bali kwingine zingekataliwa. Zile nyekundu za samesame ziliitwa kimara-pamba, kwa kuwa mtu aliweza kutoa chakula chake ili azipate. Jina hilo lachekesha, lakini lilitoka katika tamaa ya kweli.

Bwana Cameron, aliyefika Februari 1874, ndiye aliyetuachia habari nzuri kupita zote za soko la Ujiji. Fedha yake ilikuwa ushanga uitwao sofi, mfano wa vipande vya mrija wa kiko uliovunjika. Asubuhi walikuja watu wenye mifuko ya sofi, wakawabadilishia wanunuzi shanga za namna nyingine. Soko likiisha walizipokea tena kwa wauzaji, wakapata faida mara mbili. Kwa sofi watu walinunua samaki, mawese, chumvi na muhogo. Katika mji huo huo pembe za ndovu na watu waliotekwa Manyema, ng'ambo ya ziwa, walibadilishwa kwa nguo na shanga. Yule bibi hakusema uongo.

Wajerumani waliweka boma Ujiji mwaka wa 1896, na fedha za madini zikaenea. Mwaka wa 1904 wakaleta heller, ambayo ndiyo asili ya neno letu hela. Reli ikafika Kigoma Februari 1914. Ushanga ukarudi kuwa pambo la shingo na kiuno. Utumwa wenyewe ulikatazwa kwa sheria katika Tanganyika mwaka wa 1922.

Wako wasemao kwamba kwa ajili ya habari hizi shada la shanga lisiingie kanisani. Mimi sikubali, nguo pia zilinunua watu, nasi twazivaa mbele ya madhabahu. Lakini sikubali vile vile watoto watunge bila kuambiwa.

Mwaka huu tulifungua debe tukakuta tungo mbili zimekatika. Yule bibi alikuja, akaketi karibu na ungo. Hakutunga. Wasichana walipokosea hesabu aliwapimia uzi kwa mkono wake, toka kidole gumba hata kiwiko na kurudi, akawaambia jina la kipimo hicho.