Nyuso za kudhibiti sauti

Nyuso za kudhibiti sauti ni kuta, dari au paneli zilizochongwa mifereji, matuta na vijishimo ili kuelekeza, kutawanya au kumeza mawimbi ya sauti. Mwaka 1975 Manfred Schroeder wa Ujerumani alionyesha kwamba kina cha mifereji kikipangwa kwa mfuatano maalumu wa namba, mwangwi husambaa pande nyingi badala ya kurudi upande mmoja. Miaka ya 1990 Trevor Cox wa Uingereza aliikabidhi kompyuta kazi hiyo: programu hubuni umbo, hukokotoa litakavyotawanya sauti, hulirekebisha, kisha hurudia tena na tena hadi umbo bora lipatikane.

Ugumu mkubwa uko kwenye sauti nzito. Wimbi la hezi 100 lina urefu wa takriban mita 3.4, hata robo yake, karibu sentimita 85, ni unene usiokubalika ukutani. Ndiyo maana watafiti hukunja mifereji ndani kwa ndani.

Jiji la Lubumbashi, nchini Kongo, lina mfano mzuri wa hitaji la nyuso hizi. Jengo la 30 Juni, lililosanifiwa na Claude Strebelle miaka ya 1950 kuwa ukumbi wa maonyesho, limetumika pia kwa vikao vya bunge la mkoa. Muziki wa okestra hupendeza mwangwi ukidumu karibu sekunde 2, ilhali hotuba hutaka sekunde 1 au pungufu. Masharti hayo mawili yanayovutana ndiyo hasa kompyuta huyapatanisha vizuri kuliko mkono. Mwinuko wa jiji, takriban mita 1,200, hauharibu hesabu: kasi ya sauti hutegemea joto la hewa, si kanieneo yake.