Kalenda ya maudhui

Kalenda ya maudhui ni ratiba inayoandikwa mapema kuonyesha kitakachopostiwa kwenye mitandao ya kijamii, siku na saa yake, akaunti itakayotumika na mtu atakayeposti. Kampuni kubwa huiachia kazi hiyo idara nzima. Kwa mshonaji, mchoraji, msusi, mfinyanzi au mpiga picha anayefanya kazi peke yake au na wasaidizi wawili, kalenda huwa ni ukurasa wa daftari la mistari, jedwali kwenye simu, au karatasi iliyobandikwa ukutani juu ya cherehani. Vyote vinafaa. Faida yake ni kwamba uamuzi wa nini cha kuposti hufanywa siku ambayo akili imetulia, kabla mteja hajasimama mlangoni akiulizia gauni lake.

Ushauri unaosikika kila mahali ni kuposti kila siku. Kwa kazi za mikono, ushauri huo unachosha kuliko unavyosaidia. Anayeshona magauni matatu kwa wiki hana vitu vipya saba vya kuonyesha, na akijilazimisha ataanza kuokota picha za wenzake mtandaoni. Mteja ataagiza gauni la pichani, ataletewa la mkono wa fundi, na utani wa “nilichoagiza na nilicholetewa” utapata mfano mwingine. Posti mbili au tatu kwa wiki zinazotokana na kazi halisi zinatosha, mradi zisikatike.

Kalenda inayofanya kazi huanzia kwenye uwezo wa karakana: huchukua tarehe ya kukabidhi kazi na kuhesabu kurudi nyuma. Mfano ni mshonaji anayejiandaa na Idd el-Fitr. Wiki ya mwisho ya Ramadhani ni ya kumalizia vifungo, kupiga pasi na kurekebisha mikono iliyozidi urefu, hivyo oda hazina budi kufungwa katikati ya mfungo. Kwa hesabu hiyo, tangazo la kupokea oda linatakiwa kutoka Shaaban, wakati wateja wana nafasi ya kuja kupimwa na maduka ya vitambaa bado yana rangi zote. Kuna posti moja ambayo haiuzi chochote na wengi huiruka: ile inayosema oda zimefungwa. Aliyeiruka hushinda kumi la mwisho akipokea simu za watu asioweza kuwahudumia, na baadhi yao huondoka wamenuna.

Kuhusu nini cha kuonyesha, kazi moja ikigawanywa vizuri hulisha ukurasa kwa wiki nzima. Uchoraji wa Tingatinga, ulioanzishwa na Edward Saidi Tingatinga jijini Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, unalionyesha jambo hili vizuri. Wachoraji wake wa mwanzo walitumia vipande vya ubao wa dari vya mraba, upande kama sentimita 60, na rangi ya enameli ambayo watu waliizoea kwenye baiskeli. Rangi hiyo haina haraka. Tabaka la chini likauke ndipo la juu lifuate. Kila kusubiri ni nafasi ya kuchukua video: siku ya kwanza mandhari ya nyuma ikichanganywa kutoka buluu kwenda nyeupe, baadaye umbo la twiga au kanga likitokea, kisha nukta zikipigwa moja moja kwa ncha ya brashi, mwisho saini pembeni. Nukta peke yake ni video ya sekunde 15 isiyohitaji hata neno moja. Mchoraji hajaongeza kazi yoyote zaidi ya kuegemeza simu kwenye kopo la rangi.

Posti ya mwisho katika mfululizo huo ndiyo ya kuuza, nayo inahitaji vipimo, aina ya kitambaa au ubao, namna picha itakavyofungwa kwa msafiri, na bei. Desturi ya kuandika “bei njoo inbox” imeshika mizizi kwenye kurasa za Instagram za Afrika Mashariki, na wenye nayo hudai inawazuia washindani wasiione bei. Ukweli ni kwamba inamchuja pia mnunuzi mwenye haya, na inamwongezea muuzaji kazi ya kujibu swali lile lile mara arobaini. Hata kiwango cha kuanzia kinatosha.

Baada ya uwezo wa karakana huja tarehe. Mfanyabiashara wa sanaa Zanzibar huandika Sauti za Busara kwenye mwezi Februari na Mwaka Kogwa wa Makunduchi kwenye Julai. Wa Dar es Salaam huzungushia duara maonyesho ya Sabasaba, yanayoanza mwishoni mwa Juni. Januari ni mwezi wa ada na sare za shule, kwa hiyo ni wakati wa kuonyesha kazi za mwaka uliopita zaidi ya kubembeleza oda. Mishahara hutoka mwisho wa mwezi, na posti ya bidhaa ya bei kubwa iliyotoka tarehe 17 hupongezwa sana bila kununuliwa.

Tarehe za Kiislamu zinataka uangalifu wa pekee. Mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko wa kawaida kwa siku kama 11, hivyo kalenda ya mwaka jana hainakiliwi, na sikukuu yenyewe hungoja mwezi uandame. Salamu za Idd zilizopangwa zijitume zenyewe asubuhi baada ya mfungo wa 29 zinaweza kuwafikia watu ambao bado wamefunga. Wenye uzoefu huziacha kama rasimu na kuzituma kwa mkono baada ya tangazo.

Saa nayo ina mtego wake. Programu za kuratibu posti husoma saa ya kimataifa, wakati mtumiaji anafikiri kwa saa ya Kiswahili. Aliyekusudia saa mbili usiku akajaza 2:00 AM atakuwa ameposti saa nane usiku, watu wamelala. Dawa ni kuiweka simu kwenye mfumo wa saa 24 na kujaza 20:00. Anayeuza nje ahesabu pia tofauti ya majira: Muscat iko saa moja mbele ya Dar es Salaam na Nairobi; Kigali, Bujumbura na Goma ziko saa moja nyuma; London iko nyuma kwa saa tatu wakati wa baridi na mbili wakati wa joto, maana Uingereza hubadili saa zake Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba.

Programu hizo si ngeni. Hootsuite ilianza Vancouver mwaka 2008, na Buffer ilianzishwa Uingereza mwaka 2010 na Joel Gascoigne, kwanza kwa ajili ya Twitter. Enzi hizo posti za Twitter na Instagram zilipangwa kwa mfuatano wa muda, na dakika ilikuwa na thamani kubwa. Mwaka 2016 Instagram ilitangaza kuacha mpangilio huo na kuanza kupanga kwa kukisia kinachomvutia kila mtu. Saa ya kuposti ikapungua uzito, ingawa haikufutika. Meta Business Suite huratibu Facebook na Instagram bila malipo, na tangu 2022 Instagram yenyewe imeruhusu akaunti za kibiashara kupanga posti hadi siku 75 mbele.

Mauzo mengi ya biashara ndogo, hata hivyo, hukamilishwa WhatsApp. Stetasi hutoweka baada ya saa 24, na orodha ya matangazo ya kawaida huchukua watu 256, tena humfikia yule tu aliyeihifadhi namba ya muuzaji. Ndiyo maana posti ya “hifadhi namba yetu” inastahili nafasi yake kila mwezi.

Ruhusa ya anayeonekana pichani hutafutwa siku ya kupiga picha. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na Tanzania ina yake ya 2022. Mwaka 2023 klabu moja ya Nairobi ilitozwa faini ya shilingi 1,850,000 za Kenya kwa kuposti picha ya mteja bila ridhaa yake. Bi harusi mwenye furaha hajawa modeli kwa sababu tu amevaa gauni la fundi. Muziki nao una mwenyewe: akaunti za biashara hazipewi maktaba yote ya nyimbo, na video yenye wimbo usioruhusiwa inaweza kunyamazishwa.

Mtandao wenyewe nao hauaminiki siku zote: tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa pamoja kwa takriban saa sita. Uganda iliifunga Facebook Januari 2021, na nchini Tanzania intaneti ilikatwa siku ya uchaguzi, 29 Oktoba 2025. Nyakati nyingine mtandao upo ila nchi imesimama: Machi 2021, Tanzania ilipoingia kwenye maombolezo ya Rais John Magufuli, posti za “ofa ofa ofa” zilizopangwa wiki moja kabla zilihitaji mtu wa kuzizuia haraka. Kwa hiyo kando ya kila wiki kwenye kalenda huandikwa jina la mwenye nenosiri siku hizo, na namba za wateja wenye oda hunakiliwa kwenye daftari.