Chekechea za Pwani: Kutoka Chuoni Hadi Kaunti

Zamani mzazi Mwislamu wa Mombasa aliyetaka mwanawe aanze masomo mapema alikuwa na njia mbili, na kila moja ilimnyima kitu. Akimpeleka chuoni, yaani madrasa, mtoto alihifadhi Kurani lakini alifika darasa la kwanza hajazoea kalamu. Akimpeleka nasari, alilipa karo na bado akahofia malezi ya dini.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, viongozi wa Kiislamu wa Pwani walimwomba Aga Khan, kiongozi wa Waismaili, awasaidie katika elimu ya watoto wao. Mwaka 1986 kazi ikaanza Mombasa, Bi Swafiya Said akiiongoza. Alichofanya kilikuwa cha busara kubwa: hakuwaondoa watoto madrasa, aliileta chekechea humo humo. Akina dada wa mtaani, wengi wao wasio na elimu ya juu, walifunzwa ualimu. Vifaa vya kuchezea vilitengenezwa kwa vifuu, vizibo na vitambaa. Kamati ya wenyeji ndiyo iliyomiliki shule, na watoto wa dini nyingine walipokewa. Zanzibar ilifuata mwaka 1990, Uganda mwaka 1993.

Serikali yenyewe ilijikokota. Baada ya uhuru, nasari nyingi nchini Kenya zilijengwa kwa harambee, na mshahara wa mwalimu ukatoka mfukoni mwa wazazi. Elimu ya msingi ilipofanywa bure mwaka 2003, chekechea iliachwa nje. Wapo wazazi waliosubiri tu mtoto afikie umri wa darasa la kwanza lisilolipiwa. Ni kosa lililowaumiza maskini kuliko wote.

Katiba ya 2010 ndiyo iliyogeuza mambo, kwa kuzikabidhi kaunti elimu ya awali. Tangu 2013 kaunti zimejenga madarasa na kuajiri walimu. Leo huko Likoni au Kisauni, mjini Mombasa, Mdigo, Mgiriama, Mkamba na Mjaluo wanaweza kukaa benchi moja, wakizungumza Kiswahili wakati wa mchezo. Hilo ni jambo kubwa katika mji ambao siasa imewahi kuwagawa wenyeji na wageni.

Lakini mwenye pesa bado humpeleka mwanawe akademia, yaani shule ya binafsi, na hapo mchanganyiko hukatika. Kaunti ziwalipe walimu wa chekechea vizuri na kwa wakati. Nawe mzazi mwenye uwezo, kabla hujalipa karo kwingine, ingia kwanza katika chekechea ya umma iliyo karibu nawe, uketi na mwalimu, uulize.