Daftari Chafu na Nakala Safi

Mwaka 1984 nilikuwa mkufunzi katika chuo kimoja cha ualimu, na miongoni mwa kazi zangu ilikuwa kukusanya alama za mazoezi ya kufundisha. Wakufunzi wenzangu waliniletea madaftari yao yaliyoandikwa kwa penseli, nami nikizihamishia alama hizo kwenye stensili kwa mashine ya taipu, ili orodha irudufiwe na kubandikwa ubaoni. Usiku mmoja, kwa mwanga wa taa ya chemli, niliruka mstari. Kuanzia hapo kila mwanachuo akapewa alama za mwenzake aliyemfuata katika orodha. Kijana mmoja aliyekuwa amefaulu vizuri akasomeka ameshindwa, akafunga sanduku lake arudi kwao. Aliyemwokoa si mimi, bali mkufunzi mmoja mzee ambaye hakuwa amelitupa daftari lake chafu. Alikuja nalo ofisini, akalifungua mbele yangu, asiseme neno.

Kisa hicho sikupata kukisimulia nyumbani hata siku moja, mpaka mjukuu wangu aliponilazimisha bila kujua.

Mjukuu huyu, ninayeishi naye hapa Goba, hutengeneza programu za kompyuta. Yeye na wenzake walikuwa wameandika maelezo ya programu yao, yaani namna ya kuisimika, kuitumia na kuitengeneza inapoharibika. Waliyaandika kwa utaratibu uitwao Markdown. Ofisi iliyowapa kazi ikataka maelezo hayohayo yawe nyaraka za Word, zenye yaliyomo, namba za kurasa na mahali pa kutia sahihi. Kwa usiku tatu kijana alinakili na kubandika, na majedwali yakamvurugikia.

"Babu, hii si kazi ya fundi, ni kazi ya karani," alilalamika.

Nikamwambia kwamba mimi nilikuwa karani wa namna hiyo kwa miaka mingi, basi anieleze.

Nilichojifunza ni hiki. Markdown ilitolewa mwaka 2004 na Mmarekani John Gruber, kwa msaada wa kijana aitwaye Aaron Swartz. Ni maandishi matupu. Ukitaka kichwa cha habari unatanguliza alama ya reli; ukitaka neno lisisitizwe unalizungushia vinyota. Mtu aweza kuyasoma kama yalivyo, hata kwa kompyuta kuukuu, na hiyo ndiyo iliyokuwa nia ya mwanzilishi. Waraka wa Word ni jambo jingine. Huo wa tangu mwaka 2007 ni furushi: ndani yake mna mafaili kadhaa, moja la maneno, jingine la mitindo ya herufi, mengine ya picha. Mwaka huohuo wa 2004, hapa kwetu, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia nyaraka iliyozungumza Kiswahili. Kwa hiyo mambo haya si ya mbali kama tunavyodhani.

Aidha, kuhamisha maandishi kutoka chombo kimoja hadi kingine si jambo geni kwa Waswahili. Kwa karne nyingi lugha yetu iliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na baadaye tenzi na barua nyingi zikahamishiwa kwenye herufi za Kirumi. Waandishi wengi wa zamani walitumia herufi moja kwa sauti za b, p na mb. Basi neno lilelile laweza kusomwa bata, pata au mbata, na anayehamisha hana budi kuamua. Vilevile irabu e na i zilishirikiana alama, kama o na u. Msomi J.W.T. Allen, aliyekusanya miswada mingi ya namna hiyo kwa ajili ya maktaba ya chuo kikuu hapa Dar es Salaam na kuchapisha orodha yake mwaka 1970, alituachia neema kubwa: aliyekosea kuamua aweza kurudi kwenye mswada. Mswada ungetupwa, kosa la mnakili lingekuwa ndiyo kweli.

Mjukuu wangu hatimaye alipata chombo kiitwacho Pandoc, kilichoanzishwa mwaka 2006 na John MacFarlane, mwalimu wa falsafa katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Chombo hiki hakibadilishi alama moja moja. Husoma maandishi yote kwanza, kikatambua hiki ni kichwa, hii ni aya, hili ni jedwali. Kisha huandika upya kwa umbo linalotakiwa. Ukikipa waraka wa mfano, hufuata mitindo yake. Majedwali yenye visanduku vilivyounganishwa bado humsumbua, maana Markdown ya mwanzo haikuwa na majedwali kabisa. Hata hivyo, kazi ya usiku tatu ikawa ya dakika chache.

Furaha haikudumu. Bwana mmoja wa ile ofisi aliona hatua mbili za kurejesha kumbukumbu zimepangwa kinyume. Akazisahihisha vizuri, lakini katika nakala ya Word. Mwezi uliofuata vijana walitoa nakala mpya kutoka kwenye Markdown ileile, na kosa likarudi pamoja nayo. Mtumishi akafuata hatua kama zilivyoandikwa, na kumbukumbu za siku mbili zikapotea.

Mjukuu wangu alirudi jioni amekasirika, akimlaumu bwana yule, kisha akakilaumu chombo. Nikamkalisha barazani, nikamsimulia habari ya stensili. Aliniuliza, "Sasa Babu, ulisahihisha wapi?" Nikamjibu ukweli: nilikata kwa kalamu kwenye karatasi iliyobandikwa ubaoni, nikaiacha stensili na kosa lake. Juma lililofuata karani alirudufu nakala nyingine za kupeleka mahali pengine, na ilibidi mzee yule aje tena na daftari lake.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Walilosahau kusema ni daftari lipi, pale yanapokuwa mawili. Nakala safi hutiwa sahihi na kugongwa muhuri, kwa hiyo watu huiamini. Lakini kosa likionekana kwenye nakala, dawa hutiwa kwenye asili, kisha nakala hutolewa upya.

Siku hizi kila waraka wa Word wanaoutoa vijana wale una maneno machache katika ukurasa wa kwanza: tarehe uliyotolewa, na ombi kwamba anayeona kosa asilisahihishe humo bali awapelekee waandishi. Nilipouona mara ya kwanza niliusoma mara mbili. Ni maneno ambayo yangenitosha kabisa kuyaandika chini ya ile orodha ya mwaka 1984.