Uzito si mvutano: funzo la bakteria waliopelekwa angani

Majuzi mwanafunzi wangu mmoja aliniletea tafsiri ya makala ya kisayansi. Aliandika kwamba vyombo vya angani huzunguka "mahali pasipo na mvutano wa dunia". Nikamwambia, "La, mwanangu! Mvutano ungekosekana, chombo kingepotelea mbali." Katika kimo cha kilomita 350 hivi, mvutano ungalipo kwa takriban asilimia 90. Kinachokosekana ni uzito, kwa kuwa chombo na vyote vilivyomo vinaanguka pamoja bila kukoma.

Je, huku si kupasua nywele tu? Historia inakataa.

Mnamo Septemba 2006, mwanabiolojia Cheryl Nickerson wa Marekani alipeleka salmonela angani ndani ya chombo cha Atlantis. Panya walioambukizwa bakteria hao walikufa upesi kuliko walioambukizwa wale waliokuzwa duniani. Jeni 167 zilikuwa zimebadili utendakazi wake. Kwa nini? Uzito unapokosekana, majimaji yanayowazunguka bakteria hutulia na hayawasugui kwa nguvu. Utulivu wa namna hiyo umo pia katika baadhi ya sehemu za utumbo wetu. Ni kana kwamba salmonela walijihisi wamefika nyumbani!

Mnamo Julai 2011, Atlantis hiyohiyo, katika safari yake ya mwisho, ilibeba salmonela waliopunguzwa makali na kupandikizwa jeni ya kuunda protini ya bakteria wa nimonia. Mtu akinyweshwa hao, mwili huitambua protini hiyo na kujifunza kujikinga. Watafiti walitaka kujua ni jeni zipi zirekebishwe ili chanjo iwe na nguvu zaidi bila kudhuru.

Mwaka huo huo, Kenya ilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi ya nimonia kwa sindano. Ile ya kunywa haijafika katika zahanati zetu. Lakini ikifika, mama ataelezwa kwa Kiswahili. Akiambiwa mwanawe "atanyweshwa salmonela", atamfunga mgongoni aende zake, nami sitamlaumu. Akielezwa kwamba ni bakteria waliopunguzwa makali, wanaobeba protini ya kuufundisha mwili, atauliza maswali. Hapo ndipo pa kuanzia.

Ndiyo maana nilimrudishia mwanafunzi wangu tafsiri yake. Neno moja likikaa kombo, maarifa nayo huenda kombo.