Kiwanda cha Chai na Kuni Zake

Msomaji, ukisafiri kwa barabara itokayo Kericho kwenda Litein, na kutoka huko ukaelekea Mogogosiek na Bomet, utaona michai pande zote mbili, imekatwa sawasawa kama zulia. Kila baada ya mwendo kidogo lipo jengo kubwa la mabati lenye dohani ndefu, na kando yake pana rundo la kuni. Wapitao wengi hulitazama zulia, wala hawalitazami rundo. Leo nakuomba ulitazame hilo rundo, kwa kuwa sehemu kubwa ya historia ya nchi hii imelala humo.

Jani bichi la chai, robo tatu ya uzito wake au zaidi ni maji. Chai iliyo tayari kwa soko hubakiwa na maji kiasi cha sehemu tatu hivi katika mia. Ndiyo maana kilo nne na nusu hivi za majani hutoa kilo moja tu ya chai. Maji yaliyosalia hayana budi kuondolewa kwa upepo na kwa moto. Basi ukikiangalia kiwanda kwa jicho la mjenzi, utakiona kuwa ni nyumba iliyojengwa ili kuyafukuza maji, na ubora wake hupimwa kwa kiasi cha moto inachokula.

Waliojenga viwanda vya kwanza vya Kericho hawakuwa wageni wa kazi hiyo. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, serikali ya kikoloni ilitwaa nchi ya Wakipsigis ikawapa maafisa wa jeshi walioumia vitani ili walime kitani. Bei ya kitani ikaanguka, na maafisa wale wakashindwa. Katikati ya miaka ya 1920 yakaja makampuni ya Brooke Bond na James Finlay, yaliyokwisha kuwa na mashamba Bara Hindi na Ceylon. Wenyewe wa nchi hawakurudishiwa ardhi yao, na madai yao hayajesha hata leo.

Huko Ceylon kiwanda cha zamani kilikuwa na ghorofa kadhaa, na ghorofa za juu zilijaa madirisha kila upande. Majani yalitandazwa huko juu, upepo ukapita na kuyanyausha. Siku ya mawingu, hewa ya moto kutoka chumba cha kukaushia chini ilivutwa juu, na joto lilelile likafanya kazi mara mbili. Hiyo ilikuwa akili kubwa, ingawa hakuna aliyeiita kwa jina la fahari. Baadaye yakaja mabirika marefu yenye mapangaboi, ambayo hupuliza hewa chini ya majani usiku na mchana. Siwalaumu walioyachagua, Kericho mvua hunyesha karibu kila alasiri, na hewa ya mvua hainyaushi jani. Lakini tangu hapo kiwanda kimehitaji umeme kufanya kazi ambayo zamani ilifanywa na dirisha.

Makampuni makubwa yalipata njia. Tangu miaka ya 1930 yalijenga mitambo midogo ya umeme katika mito ya Kericho, na kwa ajili ya moto yakapanda mikaratusi katika ardhi yao wenyewe. Mwenye ardhi nyingi aweza kuwa na busara kwa urahisi.

Mkulima mdogo hakuwa na nafasi hiyo. Shirika la kuendeleza kilimo chake liliundwa mwaka 1960, na mwaka 1964 likawa KTDA. Viwanda vikajengwa, na wenye vishamba vidogo wakapata fedha ambazo baba zao hawakuzijua. Lakini kishamba kama hicho, chenye michai, mahindi na ng'ombe, hakina mahali pa msitu. Kuni zikabidi kununuliwa, na jirani upande wa mashariki ulikuwapo msitu wa Mau.

Ufahamu vizuri msitu huo ni nini. Humo hutoka mito ya Itare na Kiptiget iingiayo Sondu, ambako mtambo wa Sondu Miriu hutoa umeme wa megawati 60. Humo hutoka pia Nyangores na Amala, wazazi wa mto Mara. Mwaka 1986 serikali iliamuru ukanda wa chai upandwe pembezoni mwa misitu uwe boma la kuilinda. Wazo lilikuwa jema, ila mahali pengine msitu wenyewe ulifyekwa ili boma lipate pa kukaa! Mwaka 2001 maelfu ya hekta za Mau yaliondolewa katika hifadhi. Mwaka 2009 Waziri wa Mazingira, John Michuki, akaamuru mikaratusi ing'olewe kandokando ya mito, maana mti huo hukua upesi na hunywa maji mengi.

Hivyo mkaratusi ni mwokozi wa Mau ukipandwa mlimani, na adui wa mto ukipandwa bondeni.

Lakini lipo jambo dogo zaidi, nalo ni banda. Kuni mbichi, au zilizolowa mvua, huanza kwa kuyachemsha maji yake zenyewe. Nguvu hiyo hupanda dohani na kupotea. Paa la mabati juu ya kuni, lililo wazi pande zote ili hewa ipite, likikaa juu yake miezi kadhaa, hupunguza idadi ya miti inayokatwa kwa chai ileile. Jengo hilo ni rahisi kuliko yote kiwandani, na aghalabu ndilo la mwisho kukumbukwa.

Wala usidhani jambo hili ni la wahandisi tu. Gharama za kiwanda, kuni zikiwamo, hukatwa kwanza katika mapato ya chai. Kinachobaki ndicho humfikia mkulima kama bonasi. Tangu mwaka 2000 wakulima hao ndio wenye hisa za viwanda vyao, nao huwachagua wakurugenzi. Mama aliyechuma tangu alfajiri, akasimama foleni penye mizani ya kituo cha majani, anayo haki ya kuuliza mkutanoni kuni za mwaka huu zilitoka wapi, na kama zilinyeshewa.