Kanda za Radio Tanzania

Kanda za Radio Tanzania ni kanda za sumaku zenye muziki, hotuba na vipindi vilivyorekodiwa na Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD), kituo kilichotangulia TBC. Humo zimo nyimbo za bendi kama NUTA Jazz na Morogoro Jazz. Mwaka 2012 Tanzania Heritage Project, mradi wa Rebecca Corey na Benson Rukantabula, ulichangisha fedha kwa njia ya intaneti ili kanda hizo zihamishiwe kwenye mfumo wa dijitali. Kazi yenyewe ni ya subira: kanda ya saa moja huchezwa saa nzima. Mashine kuukuu ikizunguka polepole mno, sauti ya mwimbaji huwa nzito. Ikienda mbio, huwa nyembamba. Kasoro hiyo hurekebishika. Unga wa sumaku ukishabanduka, wimbo haurudi.